Baba anauma blanketi usiku ili asituamshe. Je, kuwaita watu wa hospisi ni kumkatia tamaa?

Kwako Mshauri,

Mimi ni kifungua mimba katika watoto watano. Ninaishi na kufanya kazi Nakuru. Baba yetu ana miaka 72, ni mwalimu mstaafu, na yuko nyumbani kijijini, kaunti ya Kakamega, pamoja na Mama na kitinda mimba wetu.

Mwaka jana kuelekea Krismasi, Baba alianza kusema chakula kinamkwama kifuani. Kwanza ilikuwa nyama, kisha ugali, mwishowe hata uji ukawa unarudi. Tulipoteza miezi mitatu tukinunua dawa za vidonda vya tumbo. Kamera ilipoingizwa, tukaambiwa ni saratani ya umio. Aliwekewa ule mrija wa waya wa kupanua njia ya chakula, akaanza kumeza tena, tukamshukuru Mungu. Akapewa kemo mara mbili. Ya tatu hakupewa kwa sababu damu ilikuwa imeshuka na hakuweza kusimama.

Wiki tatu zilizopita tulirudi hospitali na picha za skani. Daktari aliniita nje, tukasimama kwenye korido, akaniambia ugonjwa umefika kwenye ini, kwamba kemo nyingine itamuumiza kuliko kumsaidia, na kwamba angetushauri tuwaone watu wa hospisi. Akaniandikia barua. Bado iko kwenye mkoba wangu. Sijamwonyesha mtu.

Baba alikuwa na kilo 71. Sasa ana 46. Anatoka nje kuota jua asubuhi, kisha anarudi kitandani, na siku nyingi hatoki tena. Yeye mwenyewe hajaambiwa. Tunamwambia ana kidonda kwenye koo kinachochelewa kupona.

Ndugu yangu anayenifuata, aliye Nairobi, amefungua kikundi cha WhatsApp. Anataka tufanye harambee Baba apelekwe India, na pesa zisipotosha tuuze ile nusu ekari iliyo kando ya barabara. Binamu yetu aliye Marekani ameandika humo kwamba hospisi ni mahali unatia sahihi kwamba mgonjwa asitibiwe tena, na kwamba hupewa wenye miezi sita tu. Shangazi, dadake Baba, anasema morfini, ile dawa kali ya maumivu, ndiyo iliyommaliza jirani yetu: alipewa Jumatatu, Alhamisi akazikwa. Pasta anatuomba tusikiri mauti kwa vinywa vyetu. Mama hasemi kitu. Anakoroga uji na kumsihi Baba amalize kikombe, na Baba anakohoa mpaka machozi yanamtoka.

Mwezi uliopita nililala chumba cha pili. Saa tisa usiku nilisikia kitanda kikilia. Asubuhi nilipokuwa nikitandika, nikaona pembe ya blanketi imelowa na ina alama za meno. Nilipomuuliza Mama, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Baba amekuwa akifanya hivyo kwa wiki kadhaa ili asituamshe. Dawa zake ni tramadol kidonge kimoja saa moja asubuhi na kimoja saa moja jioni, na paracetamol akikumbuka.

Familia inakutana Jumamosi ya wiki ijayo. Nikitoa ile barua nitaonekana niliyemchoka Baba. Wapo watakaosema mtoto wa kike amemkatia babake tamaa kwa sababu yuko mbali na ana kazi. Nisipoitoa, usiku wa leo utakuwa kama wa jana. Nikikubali hospisi, nitakuwa nimetia sahihi baba yangu afe?

Kifungua Mimba, Nakuru

Kifungua Mimba,

Pole sana. Pole kwa Baba, kwa Mama anayekoroga uji na kunyamaza, na kwako wewe uliyepewa habari nzito namna hiyo ukiwa umesimama koridoni na kuachiwa uibebe peke yako wiki tatu.

Unavyoandika, ni kama mbele yenu kuna njia mbili: ya India, ambayo ni ya kupigana, na ya hospisi, ambayo ni ya kusalimu amri. Nimeisoma barua yako nikaona maswali matatu yaliyofungwa kwenye leso moja. La kwanza: je, saratani hii bado inaweza kurudishwa nyuma, na kwa gharama gani? La pili: nani atamtuliza Baba maumivu usiku wa leo? La tatu: ni nani mwenye kusema Baba aishi vipi siku zake? Mkiyafungua moja moja, mtaona kwamba la pili halihitaji kungoja majibu ya mengine. Yule anayesafiri kwenda India wiki ijayo anahitaji kulala leo sawasawa na yule anayebaki nyumbani.

Nianze hapo, kwenye pembe ya blanketi.

Tramadol ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa nne hadi sita. Baba akimeza kidonge saa moja jioni, ikifika saa saba usiku dawa imekwisha mwilini, na kijacho ni saa moja asubuhi. Wewe ulisikia kitanda saa tisa. Si kwamba Baba ni dhaifu, wala si lazima iwe ugonjwa umezidi ghafla. Ni saa sita za kila usiku ambazo hana dawa yoyote ndani yake. Na mchana hali ni hiyo hiyo, ila mchana kuna jua na watu wa kuongea nao. Kwa hiyo hata kabla ya kikao cha Jumamosi, mpigie aliyemwandikia dawa hizo umweleze saa anazomeza na saa anazoumwa. Msimwongezee wenyewe. Paracetamol hasa, kwa mtu aliye chini ya kilo 50 na mwenye ini lililoguswa, kipimo chake hushushwa, hakipandishwi.

Sasa hospisi yenyewe. Neno hili limefika kwenu likiwa limebeba habari za nchi nyingine. Binamu yenu hakukosea kuhusu huko aliko. Marekani, bima ya serikali ya wazee hugharamia hospisi pale madaktari wanapothibitisha kwamba mgonjwa anatarajiwa kuishi miezi 6 au chini ya hapo, na mgonjwa hutia sahihi kwamba anaacha matibabu ya kuuondoa ugonjwa huo. Hilo ni sharti la bima yao. Kwetu halipo. Kenya mtu anaweza kuhudumiwa na hospisi huku bado akienda kliniki ya saratani, akiongezewa damu, au akirudi hospitali mrija wake uzibuliwe. Hakuna karatasi ya kukana matibabu. Mkianza na msipoona faida, mnaacha.

Wala hospisi kwetu si jengo mnalomwachia mgonjwa mkaondoka. Hospisi ya kwanza nchini, ile ya Nairobi, ilianza mwaka 1990, na nyingi zilizofuata, zikiwemo za Nakuru na Kisumu, huhudumia watu wanaokuja mchana na kurudi nyumbani, au huwatembelea walipo. Wenye vitanda vya kulaza ni wachache. Kimbilio, huko Kipkaren, ni mojawapo. Hospitali kubwa nazo, kama ile ya rufaa ya Moi pale Eldoret, zina kitengo cha tiba shufaa, ambalo ni jina jingine la kazi hiyo hiyo: kutuliza maumivu na dhiki za mgonjwa mwenye ugonjwa usiopona, pamoja na za watu wake. Mwanamke Mwingereza aliyefungua hospisi ya kwanza ya kisasa London mwaka 1967, Cicely Saunders, alikuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa jamii, kisha daktari, na alisisitiza kwamba maumivu ya mtu anayekufa hayako mwilini tu. Yako pia kwenye hofu, kwenye pesa, kwenye mambo asiyoyasema kwa watoto wake, na kwenye maswali yake kwa Mungu. Kwa hiyo Pasta wenu hana sababu ya kukaa nje. Maombi yana nafasi yake kwenye huduma hii, na wahudumu wengi huuliza wenyewe mgonjwa anasali wapi.

Hofu ya Shangazi kuhusu morfini msiipuuze. Ameona kwa macho: Jumatatu dawa, Alhamisi mazishi. Lakini jiulizeni jirani aliitiwa dawa hiyo lini. Familia nyingi huiogopa mpaka siku za mwisho kabisa, basi dawa na mauti hufika nyumbani wiki moja, na lawama huangukia dawa. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Boston, wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu yao ya kawaida, walikuwa na nafuu zaidi na walipewa kemo kidogo zaidi karibu na mwisho, na bado waliishi kwa wastani miezi 11.6, ilhali wenzao waliishi 8.9. Ugonjwa wao si wa Baba, na walianza mapema kuliko yeye, kwa hiyo siwezi kukuahidi miezi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kutuliza maumivu, kukifanywa vizuri, hakujaonekana kumwondoa mtu kabla ya siku yake.

Kufanywa vizuri ndiyo kazi yenyewe, nami nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mambo huharibikia hapa.

Morfini ya hospisi mara nyingi ni maji ya kunywa. Hilo linamfaa Baba, kwa kuwa vidonge vikubwa vinaweza kukwama kwenye mrija, na vile vya kutoa dawa polepole havifai kupondwa. Mzee aliyekonda kama yeye mara nyingi huanzishwa miligramu 2.5 kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Hiyo ya saa 4 usiku wahudumu wengi huifanya mara mbili ili mgonjwa asiamshwe saa 8, ingawa kwa mtu dhaifu wanaweza kuamua vingine. Tramadol huachwa. Dawa hunyweshwa kwa saa, si kwa kungoja aumwe. Kosa la kwanza la nyumbani ni hilo: mtu anasema, "Leo hajalalamika, tuiweke," na jioni maumivu yanarudi yakiwa makali kuliko dozi inavyoweza kuyashika.

Kosa la pili ni chupa. Kuna yenye miligramu 1 katika kila mililita na kuna yenye 10. Miligramu 2.5 katika ile ya kwanza ni mililita 2.5. Katika ya pili ni robo ya mililita. Chupa ikibadilika bila mtu kusoma lebo, Baba anaweza kupewa dozi iliyo mara kumi ya aliyoandikiwa. Mwambie muuguzi apige mstari kwa kalamu kwenye sirinji, ile isiyo na sindano, mbele ya Mama na kitinda mimba, na kila chupa mpya ikija mstari huo ukaguliwe upya. Dozi ziandikwe kwenye daftari: saa, kiasi, aliyempa. Chupa ikae mahali pa kufungwa kwa ufunguo.

Kosa la tatu ni choo. Morfini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na hali hiyo haizoeleki kama usingizi unavyozoeleka. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huandikwa siku hiyo hiyo. Ikisahaulika, siku ya tano tumbo linauma, mgonjwa anatapika, na familia inaitupa morfini. Kichefuchefu cha mwanzo huisha baada ya siku chache, na kina dawa yake. Siku mbili tatu za kwanza Baba huenda akalala sana. Sehemu ni dawa, na sehemu ni usingizi ambao mwili wake umekuwa ukiudai kwa wiki nyingi. Kinachotakiwa kuwashtua ni tofauti: haamki mkimtikisa, au pumzi zake zimeshuka chini ya nane kwa dakika. Hapo hamtoi dozi inayofuata, mnapiga simu.

Mama na uji wake. Nadhani yeye ndiye anayehitaji muuguzi wa hospisi kuliko nyote, kwa sababu amebaki na kazi moja tu ya upendo, nayo inamuumiza mgonjwa. Mrija hauvuti chakula kwenda chini, ni njia tu. Baba ale ameketi wima na abaki hivyo angalau nusu saa. Ale kidogo kidogo, vijiko vichache kila saa moja au mbili: uji uliochujwa, parachichi lililopondwa, mrenda laini, maziwa mala, akimalizia kwa maji ya vuguvugu au soda kidogo ya kusafisha mrija. Mkate, nyama yenye nyuzi na ugali mkavu ndivyo huuziba. Kichwa cha kitanda kiinuliwe, hata kwa matofali mawili chini ya miguu ya kitanda ya upande huo, ili asidi isipande usiku. Ila hilo la kukohoa kila anywapo mlitaje kwa daktari wiki hii. Pengine uji unaharakishwa tu. Pengine pia kumetokea tundu kati ya umio na njia ya hewa, na hapo kumsihi amalize kikombe ni kumjazia mapafu. Akishindwa kumeza hata mate, mrija umeziba, mrudisheni hospitali. Kuwa chini ya hospisi hakuwazuii.

Utafika wakati hataki chochote. Mama aambiwe mapema, na mtu anayemheshimu, kwamba mwili unaozima hauhisi njaa kama wake, na kwamba dripu kwa wakati huo mara nyingi huishia miguuni na mapafuni. Kazi yake isiondolewe bali ibadilishwe: kumlowesha midomo kwa pamba na maji safi, kumpaka mafuta, kumgeuza ubavu kila saa mbili. Na muwe na taulo ya rangi ya giza karibu na kitanda. Saratani ya hapo inaweza kutoa damu. Damu kwenye taulo nyekundu iliyokolea au ya kijani haimtishi mgonjwa kama ile inayoonekana kwenye shuka jeupe.

Tukija kwa ndugu yako. Yeye naye anampenda Baba, na harambee ndiyo lugha aliyo nayo ya kulisema hilo. Ukimjia na neno hospisi kama jibu la India, mtapigana, na kila mmoja atasikia mwenzake akisema, "Wewe humpendi." Badala ya kubishana kuhusu ndege, mngeweza kumpa kazi: aombe ripoti ya maabara, picha za skani na muhtasari wa kemo alizopewa, azitume kwa hiyo hospitali ya India, na aulize kwa maandishi mambo manne. Lengo lenu ni kuponya au kuongeza muda? Muda kiasi gani kwa mtu anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku? Siku ngapi kati ya hizo zitakuwa wodini? Na ikishindikana, atarudije? Swali la kitanda ndilo zito, kwa sababu madaktari wa saratani kokote hulitazama kwanza: mwili usioweza kusimama kwa kawaida huvunjwa na kemo kabla ya saratani kuguswa. Na umio ukishapeleka ugonjwa kwenye ini, matibabu kwa kawaida hulenga kusukuma siku mbele, si kuuondoa. Siku nazo zina thamani. Wapo wanaozitaka kwa bei yoyote, na hawakosei.

Muulizeni pia daktari wa hapa kama mionzi ya siku chache ingesaidia kumeza au maumivu. Si lazima iwe India au basi.

Kuhusu nusu ekari, Mama akiwa mke, idhini yake ni sharti la sheria, si heshima tu. Mkiuza, yeye atabaki na nini baada ya haya?

Hospisi nayo ina upungufu wake, usije ukaambiwa ni mteremko. Muuguzi huenda akaja mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili, kutegemea umbali na mafuta ya gari. Usiku ni nyinyi. Kitinda mimba atageuza mgonjwa, atabadilisha shuka, atapima dawa, na atachoka mpaka akasirike, kisha ajilaumu kwa kukasirika. Morfini wakati mwingine huadimika, kwa hiyo chupa isingojwe iishe ndipo mtu atumwe. Kabla ya Jumamosi piga simu Kisumu na Eldoret, na hospitali ya kaunti pale Kakamega, uwaulize: mnafika hadi kijiji chetu? Siku zipi? Morfini ipo sasa? Tukipiga simu saa nane usiku nani ataipokea? Uwaulize pia malipo, na SHA, bima ya afya ya serikali, inagusa nini. Uwe na barua ya daktari mkononi na orodha ya dawa zote, hata za mitishamba.

Kumleta Nakuru kwako kunawezekana, na huduma ingekuwa karibu zaidi. Lakini pima safari ya saa nyingi barabarani, Mama kung'olewa kwake, na wageni wa Baba ambao hawatamfikia. Akibaki nyumbani, wazee wenzake watakuja kukaa naye. Kitanda cha Kimbilio au mfano wake kinaweza kuwa cha wiki moja ya kuyashika maumivu, kisha akarudi. Na kama mwisho utakuwa nyumbani, jueni mapema kwamba kifo cha nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu ili mpate kibali cha mazishi. Barua ya hospitali inayoeleza ugonjwa huwaepusha na maswali mengi siku ambayo hamtakuwa na nguvu ya kuyajibu.

Nimeacha la tatu mwisho, kwa kuwa barua yako nzima ina watu wengi wanaosema Baba afanyiwe nini, na yeye hayumo.

Mnadhani hajui. Mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote, aliyepungua kilo 25, ambaye daktari alimwita bintiye nje akabaki ndani peke yake akitazama mlango? Huenda anajua, na anauma blanketi kuwaficha nyinyi kama mnavyomficha yeye. Huenda kweli hajui, na ukweli utamvunja moyo kwa muda. Hatari hiyo ipo. Ila kuna hatari upande wa pili pia: ana mambo ya kupanga. Sheria ya urithi inautambua hata wasia wa mdomo, ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi aliyeutoa afariki ndani ya miezi 3 tangu autoe. Wa maandishi ni salama zaidi. Vyote viwili vinahitaji mtu mwenye akili timamu, anayeweza kuongea, na asiye kwenye maumivu makali.

Si lazima umwambie kitu. Anza kwa kuuliza. Nenda siku moja kabla ya kikao, wengine wakiwa hawajafika. Mtoe akaote jua, ukae kando yake, umuulize: "Baba, usiku unalalaje?" Kisha: "Wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Ukishauliza, nyamaza, hata ukimya ukiwa mrefu. Akisema hataki kujua, muulize angependa nani amwamulie, ulipeleke jina hilo kwenye kikao. Akiuliza, "Kwani daktari alikuambia nini pale nje?" hilo ndilo ombi lake, mjibu kadiri alivyouliza, si zaidi. Akisema anataka kufia nyumbani kwake, kwenye kitanda chake, ameelewa mwenyewe. Na akisema anataka India, hilo nalo ni jibu la mwenye mwili, na watu wa hospisi wanaweza kumwandalia dawa na barua za safari ili asiende akiuma blanketi ndani ya ndege.

Ile barua ya mkobani ichukue uende nayo.